Chimba Kwanza, Nunua Mbolea Baadaye: Somo la Kulisha Mti wa Parachichi



Wengi mmeuliza juu ya miti ya parachichi. Wengine wetu huiita avoka, wengine ovakado. Katika somo hili tutaandika parachichi, na mti wenyewe tutauita mparachichi. Swali linalorudi ni moja: "Majani yangu yamegeuka manjano. Ninunue mbolea gani?"

Swali hili ni la maana. Tangu mwaka 2020 mgao wa chakula katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda umepunguzwa zaidi ya mara moja. Mti mmoja wa parachichi uliotunzwa vizuri huwapa watoto chakula chenye mafuta mazuri, na matunda yanayobaki huuzwa sokoni. Lakini tumeona pia familia zikitoa fedha ya chumvi na sabuni kununua mbolea ambayo mti haukuihitaji. Mti ukafa, na fedha ikapotea.

Kwa hiyo, kabla ya kutaja mbolea yo yote, tunaanza na kanuni moja: CHIMBA KWANZA, NUNUA MBOLEA BAADAYE. Ukifika mwisho wa somo utajua sababu yake, na utajua namna ya kuifuata kwa mikono yako mwenyewe bila kulipa mtu.

1. KWA NINI TUNATUMIA MFANO WA NAMATALA

Mfano wetu unatoka Namatala, katika mji wa Mbale, mashariki ya Uganda. Tumeuchagua kwa sababu katika eneo hilo dogo mtu huweza kuona hali zote ambazo mparachichi hukutana nazo.

Juu kuna Mlima Elgon, ambao zamani ulikuwa volkano. Udongo wake ni mwekundu, mzito kwa kina na wenye rutuba. Wakulima wa huko hupanda kahawa, migomba, na miparachichi kati yake. Maji hayatuami, kwa sababu ni mteremko.

Katikati kuna miteremko iliyolimwa sana. Mvua kubwa ikinyesha, udongo wa juu huondoka pamoja na samadi na mbolea iliyomwagwa juu yake. Mwenye shamba hubaki na udongo wa chini, usio na nguvu.

Chini kuna bonde la Mto Namatala. Mto huu hushuka kutoka mlimani, hupita Mbale na kuingia katika mabwawa na vinamasi vinavyopeleka maji kwenye Mto Mpologoma na mwishowe Ziwa Kyoga. Rutuba iliyooshwa huko juu hufika hapa, pamoja na maji yanayotoka katika mabwawa ya kusafishia maji machafu ya mji. Watu wamelima mpunga sehemu kubwa ya bonde la juu, na mpunga hustawi. Lakini mparachichi uliopandwa katika udongo huo huo wenye rutuba hufa. Mpunga huweza kusimama ndani ya maji. Mparachichi hauwezi.

Tarehe 30 na 31 Julai 2022 mvua kubwa ilinyesha Mbale. Mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, na watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Mafuriko kama hayo huacha tope jeusi mashambani, na tope hilo lina rutuba. Hata hivyo mti wa parachichi uliosimama majini kwa siku kadhaa huanza kunyauka wiki au miezi baadaye, wakati watu wamekwisha kusahau maji. Hapo ndipo mwenye mti husema, "Mti una njaa," na kukimbilia dukani.

Hapa kwetu pia kuna ploti za juu, za mteremko na za bondeni. Jiulize sasa: ploti yako inafanana na sehemu gani ya Mbale?

2. MIZIZI YA PARACHICHI ILIVYO

Asili ya mparachichi ni misitu ya Mexico na Amerika ya Kati. Katika misitu hiyo ardhi imefunikwa na majani makavu mengi. Mizizi ya mti ilizoea kula ndani ya majani hayo yanayooza. Kwa sababu hiyo ina tabia tatu ambazo ni lazima kuzijua:

(a) Mizizi myembamba inayokula chakula iko juu juu. Mingi imo katika sentimita 15 hadi 30 za kwanza, yaani kina cha jembe. Mtu anayelima kwa jembe chini ya mparachichi anakata midomo ya mti.

(b) Mizizi hiyo ina vinyweleo vichache sana, tofauti na mahindi au maharage. Haina nguvu ya kutafuta chakula mbali. Chakula lazima kiwe karibu, kidogo kidogo, mara kwa mara.

(c) Mizizi huhitaji hewa. Maji yakituama, hewa hutoka udongoni. Wakati huo kimelea kiitwacho Phytophthora cinnamomi hushambulia mizizi na kuiozesha. Huu ndio ugonjwa mbaya kuliko yote ya parachichi duniani.

Mti ambao mizizi yake imeoza hauwezi kula hata ukiwa umekaa juu ya gunia la mbolea. Majani yake huwa manjano kama ya mti wenye njaa. Dalili zinafanana, lakini dawa ni tofauti kabisa.

3. MAZUNGUMZO YA KUFUNDISHIA

Mazungumzo haya yametungwa kwa ajili ya somo. Mnaweza kuyasoma kikundini, mmoja akiwa mama na mwingine akiwa bwana shamba.

MAMA: Jambo, bwana shamba.

BWANA SHAMBA: Jambo sana, mama. Habari za nyumbani?

MAMA: Nyumbani wazima, ila avoka yangu inakufa. Ile uliyoiona mwaka jana na matunda ya kwanza. Majani yamekuwa madogo, ya manjano, yananing'inia. Nimeuza ndoo ya mahindi ya mgao. Naenda dukani kununua urea kilo mbili.

BWANA SHAMBA: Pole, mama. Duka halitahama. Tuonane na mti kwanza. Mti uko sehemu gani ya ploti?

MAMA: Kule chini, karibu na mfereji. Niliuweka pale ili usikose maji.

BWANA SHAMBA: Na mvua za mwezi uliopita, maji yalisimama?

MAMA: Yalisimama siku nne, tano. Watoto walicheza ndani yake.

(Wanafika kwenye mti. Bwana shamba anapiga magoti kwenye ukingo wa kivuli na kuchimba kwa mkono.)

BWANA SHAMBA: Tazama, mama. Udongo umelowa, na mti umenyauka. Mti wenye kiu hunyauka kwenye udongo mkavu. Huu unanyauka huku miguu yake imo majini. Sasa shika mzizi huu mwembamba.

MAMA: Ni mweusi. Unavunjika kama jani kavu.

BWANA SHAMBA: Tumetafuta sehemu tatu, na mweupe tumepata mmoja tu. Ungemwaga urea kilo mbili hapa, ungechoma huo mmoja uliobaki.

MAMA: Basi mti umekufa?

BWANA SHAMBA: Bado. Kazi ya kwanza ni kuondoa maji, na kazi hiyo inataka jembe, haitaki fedha. Ile fedha ya mahindi, rudi nayo nyumbani.

MAMA: Asante, mwanangu. Kesho nitawaita wavulana wachimbe mfereji.

4. NAMNA YA KUPIMA MIZIZI

Fanya hivi kabla ya kununua kitu cho chote:

Hatua ya 1. Nenda kwenye mti saa sita mchana. Tazama kivuli kinapoishia. Chini ya ukingo huo ndiko mizizi mingi inayokula ilipo.

Hatua ya 2. Ondoa majani makavu. Chimba polepole kwa mkono au kijiti, kina cha sentimita 10 hadi 15. Usitumie jembe.

Hatua ya 3. Tafuta mizizi myembamba kama uzi mnene. Mizizi mizima ni myeupe au rangi ya maziwa yaliyoganda, migumu kidogo. Mizizi iliyooza ni myeusi, huvunjika upesi, au haionekani kabisa.

Hatua ya 4. Rudia sehemu tatu kuzunguka mti, kisha rudisha udongo na majani.

Hatua ya 5. Osha mikono, kijiti na viatu kabla ya kwenda kwenye mti mwingine. Kimelea cha kuoza mizizi husafiri katika udongo wa nyayo.

Ukiona mizizi myeupe mingi, mti ni mzima wa miguu. Majani yakiwa manjano, basi una njaa: endelea na sehemu ya 5, 6 na 7. Ukiona mizizi myeusi, ruka mpaka sehemu ya 8.

5. MTI UNAKULA NINI, NA MAJANI YANASEMA NINI

Vyakula vitatu vikubwa vya mti ni naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Naitrojeni hujenga majani na matawi. Fosforasi husaidia mizizi na maua. Potasiamu husaidia tunda. Katika kila gramu 100 za nyama ya parachichi mna karibu miligramu 485 za potasiamu. Kwa hiyo kila kikapu cha matunda kinachokwenda sokoni kinaondoka na potasiamu ya ploti yako. Usipoirudisha, mwaka hadi mwaka matunda hupungua.

Kuna vyakula vidogo pia, ambavyo mti huvihitaji kwa kiasi kidogo sana: zinki, boroni, chuma na vingine.

Soma majani hivi:

- Majani ya zamani (ya chini) yamepauka yote, na mti haukui: naitrojeni imepungua.

- Majani ya zamani yameungua pembeni, rangi ya kahawia: potasiamu imepungua. Lakini kama ncha tu zimeungua wakati wa kiangazi, shaka chumvi au ukosefu wa maji.

- Majani machanga ni madogo, manjano kati ya mishipa, yamesongamana kwenye ncha ya tawi, na matunda ni madogo ya mviringo: zinki imepungua.

- Majani machanga ni manjano lakini mishipa ni ya kijani: chuma hakipatikani. Mara nyingi hili hutokea mahali penye maji mengi au chokaa nyingi. Rudi ukapime mizizi.

- Majani yote yamelegea na udongo umelowa: mizizi imeoza.

Majani machache ya manjano kabla ya maua si ugonjwa. Mparachichi hubadilisha majani yake wakati huo.

6. MBOLEA AMBAYO HAINUNULIWI

Wakulima wa Mbale hutumia mabaki ya kazi zao: maganda ya kahawa kutoka mlimani, pumba na makapi ya mpunga kutoka bondeni, samadi ya ng'ombe na mbuzi. Sisi nasi tutazame kilichopo karibu.

MATANDAZO. Hiki ndicho chakula cha asili cha mparachichi, na ndicho tunachokipa nafasi ya kwanza. Tandaza majani makavu, nyasi, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa au maganda ya maharage chini ya kivuli chote cha mti, unene wa sentimita 10 hadi 15. Acha nafasi ya sentimita 30 kuzunguka shina. Matandazo yakigusa shina, gamba huoza na panya hujificha. Matandazo huhifadhi unyevu, huzuia magugu bila jembe, na yakioza huwa chakula mahali pale mizizi ilipo. Pia vijidudu vingi vyema hukaa ndani yake na kupigana na kimelea cha kuoza mizizi.

Makapi makavu ya mpunga ni mazuri juu ya udongo. Usiyachanganye ndani ya udongo yakiwa mabichi, kwa sababu yakioza hunyang'anya naitrojeni na mti hubaki na njaa kwa miezi.

SAMADI. Ya ng'ombe na mbuzi iwe imekaa miezi mitatu, imekuwa nyeusi na haina joto wala harufu kali. Ya kuku ina nguvu sana: ichanganye na majani, iache ioze vizuri, na tumia nusu ya kiasi cha samadi ya ng'ombe.

MBOJI. Panga majani makavu, majani mabichi, samadi kidogo na udongo kidogo kwa tabaka. Mwagia maji, funika, geuza kila baada ya wiki mbili au tatu. Baada ya miezi mitatu hivi huwa tayari. Maganda ya ndizi yana potasiamu, usiyatupe.

MAJIVU YA JIKONI. Majivu ya kuni yana potasiamu na chokaa. Konzi mbili za mkono kwa mti mkubwa, mara mbili kwa mwaka, zinatosha. Yakizidi hubadilisha udongo, na mti hushindwa kupata chuma na zinki. Usichanganye majivu na urea au samadi mbichi, maana naitrojeni itatoka kama hewa. Unaweza kuinusa ikitoka.

MKOJO. Wengine hutumia mkojo uliozimuliwa na maji kwa mahindi na mboga, nayo ni njia nzuri. Kwa parachichi tunashauri kuwa na hadhari, kwa sababu mkojo una chumvi na mparachichi hauvumilii chumvi. Upe mahindi.

UCHAFU WA CHOO NA MAJI MACHAFU. Usitumie uchafu mbichi wa choo wala maji ya mfereji wa vyoo. Minyoo na kuhara hurudi nyumbani kwa mikono ya watoto wanaookota matunda chini.

7. UKIWA UNANUNUA

Mtu ambaye mizizi ya mti wake ni mizima, ametandaza, ametia samadi, na bado majani yanaonyesha njaa, huyo anaweza kununua mbolea ya dukani kwa faida.

Soma namba kwenye mfuko. NPK 17-17-17 maana yake katika kila kilo 100 mna kilo 17 za naitrojeni, 17 za fosforasi na 17 za potasiamu, kwa hesabu ya kiwandani. Mfuko wa kilo 50 una kilo 8.5 za kila kimoja. Urea ni 46-0-0: mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, na hauna kitu kingine. DAP ni 18-46-0: haina potasiamu hata kidogo. Kwa mti unaozaa, urea peke yake au DAP peke yake ni kama kumlisha mtoto ugali bila mboga.

Uwe mwangalifu na mbolea inayopimwa rejareja. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 juu ya masoko ya Uganda uliripoti kwamba urea ya rejareja ilipungukiwa kwa wastani na karibu asilimia 30 ya naitrojeni yake. Ni vema watu kumi wachange, wanunue mfuko mmoja uliofungwa, waufungue mbele ya wote na kugawana. Mbolea iliyobaki ifungwe na kuwekwa mahali pakavu, mbali na watoto na mbali na chakula.

KIASI. Kizibo kimoja cha soda kilichojaa hubeba gramu 5 hivi. Jedwali hili ni la kuanzia:

Wakati wa kupanda: shimo la sentimita 60 kila upande. Changanya udongo wa juu na ndoo moja (lita 20) ya samadi iliyooza. Usiweke mbolea ya dukani shimoni. Huunguza mizizi michanga.

Mwaka wa 1: samadi nusu ndoo, mara 2 kwa mwaka. NPK vizibo 6, mara 3 kwa mwaka, kuanzia mti unapotoa majani mapya.

Mwaka wa 2: samadi ndoo 1, mara 2. NPK vizibo 12, mara 3.

Mwaka wa 3: samadi ndoo 1 na nusu, mara 2. NPK vizibo 20, mara 3.

Mti mkubwa unaozaa: samadi ndoo 3, mara 2. NPK gramu 400, mara 3. Pima mara moja kwenye mizani ya dukani, kisha weka alama kwenye kopo lako.

Kama umepata samadi nyingi nzuri na majani ni ya kijani kilichoiva, punguza NPK au iache kabisa. Naitrojeni ikizidi, mti hujaa majani na kukosa matunda.

NAMNA YA KUWEKA. Sogeza matandazo, mwaga mbolea kwa kuieneza kama chumvi kwenye chakula chini ya ukingo wa kivuli, kisha rudisha matandazo. Usichimbe shimo moja na kuijaza humo. Usiweke kwenye shina. Udongo uwe na unyevu: weka mvua zinapoanza, kisha katikati ya mvua, si siku ya dhoruba. Mbolea inayomwagwa kabla ya mvua ya mafuriko huenda bondeni, kama ile rutuba ya Elgon inavyokwenda Namatala, na mwenye kufaidika ni mwenye mpunga wa chini.

Kwenye mteremko, chimba nusu duara upande wa chini wa mti na kupandisha udongo kama ukingo mdogo, ili samadi isiondoke. Bondeni usifanye hivyo kabisa. Ukingo huo utafunga maji.

8. MIZIZI IKIWA MEUSI: MTI MGONJWA HULISHWAJE

Mgonjwa wa tumbo hapewi sahani kubwa ya nyama. Mti nao ni hivyo.

Kwanza, ondoa maji. Chimba mfereji upande wa juu wa mti, mita 2 au zaidi nje ya kivuli, uelekeze maji pembeni. Hakikisha humpelekei jirani maji hayo, zungumzeni kwanza.

Pili, simamisha urea, NPK na samadi ya kuku. Usirundike udongo kwenye shina.

Tatu, punguza mzigo. Vuna matunda yaliyokomaa, ondoa mengine madogo, kata matawi yaliyokufa. Mizizi michache haiwezi kulisha matawi mengi. Shina likibaki wazi kwa jua, lipake chokaa nyeupe iliyozimuliwa ili lisiungue.

Nne, tandaza majani makavu na mboji laini kidogo. Mizizi mipya ya kwanza huota humo.

Tano, subiri. Baada ya miezi miwili au mitatu chimba tena kwa mkono. Ukiona ncha nyeupe, anza kulisha: robo ya kiasi cha kawaida. Zipo dawa za aina ya fosfonati zinazosaidia, lakini zina gharama. Muulize bwana shamba au bibi shamba kabla ya kununua.

Usipoona ncha nyeupe hata moja, mti umekwisha. Ung'oe, na usipande parachichi nyingine mahali hapo. Panda magimbi, migomba au mboga zinazopenda maji.

Anayetaka kupanda mti mpya kwenye ploti ya chini ajenge kwanza tuta la udongo lenye kimo cha nusu mita hadi mita moja na upana wa mita 2, apande juu yake. Kazi ya siku mbili inaokoa mti wa miaka mingi.

9. PLOTI NDOGO NA SWALI LA MUDA

Tuchukue ploti ya mita 30 kwa 30. Humo kuna nyumba, choo, jiko, mahindi na maharage. Mparachichi mkubwa unahitaji nafasi ya mita 7 au 8 kila upande. Kwa hiyo miti miwili au mitatu inatosha, ikae sehemu ya juu ya ploti, mbali na choo. Miaka ya kwanza panda maharage katikati. Yakivunwa kata mashina na kuacha mizizi ardhini. Usipande mparachichi mahali palipokuwa na nyanya, biringanya au viazi mviringo, kwa sababu mazao hayo huacha ugonjwa wa mnyauko unaoshika parachichi.

Wengine husema: "Ardhi hii si yangu. Kwa nini nipande mti?" Mti uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa 3 au wa 4. Uliopandwa kwa kokwa huchukua miaka 5 hadi 8, au zaidi. Wengi wetu tuliofika tukisema "mwaka mmoja tu" tumekaa zaidi ya hapo. Na ujuzi wa kupima mizizi, kutandaza na kusoma namba za mfuko hauachwi nyuma siku ya kuondoka. Unaingia nao nyumbani.

KUMBUKA

1. Majani ya manjano yana sababu nyingi. Mizizi husema ukweli.
2. Udongo umelowa na mti umenyauka: usiweke mbolea.
3. Matandazo kwanza, samadi pili, mbolea ya dukani mwisho.
4. Kidogo kidogo, mara kwa mara, chini ya ukingo wa kivuli.
5. Jembe lisiingie chini ya mparachichi.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini mpunga hustawi katika bonde la Namatala na parachichi hufa, ingawa udongo ni ule ule?
2. Mama katika mazungumzo angepoteza nini kama angekwenda dukani kwanza?
3. Mfuko umeandikwa 25-5-5. Katika kilo 50 mna kilo ngapi za naitrojeni? (Jibu: kilo 12 na nusu.)
4. Taja vitu vitatu vilivyopo nyumbani kwako leo vinavyofaa kuwa chakula cha mti.
5. Nendeni pamoja kwenye mti mmoja wa jirani, kwa ruhusa yake. Chimbeni kwa mkono. Mizizi ni ya rangi gani?

Ndugu msomaji ambaye jirani yako hajui kusoma, tafadhali msomee somo hili. Kisha mwende kuchimba pamoja.